Neno la Watu Wawili

Kitabu kililetwa ndani ya foronya. Mzee aliyekibeba alikikumbatia kama mtu anayempeleka kuku mgonjwa kwa daktari wa mifugo. Alipanda vidato vitatu vya karakana iliyo nyuma ya maktaba, akasimama mlangoni akipapasa fremu.

"Fundi yupo?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Samahani, nilitegemea mwanamume."

"Wengi hutegemea hivyo. Mlete mgonjwa tumwone."

Fundi huyo alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika chumba kile chenye dirisha moja, akishona na kujalidi kila kilichochanika: magazeti ya mwaka mzima, vitabu vya sheria, rejista za shule. Vidole vyake havikuwahi kukosa gundi, ndiyo maana watu wa maktaba walimwita Bi Gundi, na yeye hakuona ubaya. Kusoma alichokishona hakukumshughulisha. "Mshona suti si lazima awe bwana harusi," alikuwa akisema.

Alimimina foronya mezani. Kilichotoka hakikuwa kitabu tena, bali lundo. Jalada hakuna, mgongo hakuna, uzi umeoza, na panya walikuwa wamekula pembe zote za juu pamoja na namba za kurasa. Lakini hilo halikumshtua. Kilichomshtua ni maandishi. Herufi moja alidhani anaijua, ya pili ikamkana, ya tatu ilikuwa kama mdudu aliyekunja mkia.

"Mzee, hii lugha gani?"

"Kiyunani cha kale. Kimeanguka kutoka juu ya kabati. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule, nimekisoma miaka arobaini na minane. Sasa presha ya macho imenifungia pazia. Nikikuangalia wewe hapo naona kivuli chenye sauti nzuri. Lakini sitaki kife kikiwa kimetawanyika."

"Kimeandikwa na nani?"

"Hata mimi sijui. Nilikipata hivyohivyo, kurasa za mwanzo zimepotea na jina lake limekwenda nazo. Ni mtu aliyeishi yapata miaka elfu mbili iliyopita, akaandika makala kuhusu namna ya kuishi. Kuhusu hasira. Kuhusu ulimi. Kuhusu jinsi ya kumtembelea mgonjwa bila kumchosha."

"Miaka elfu mbili," alisema Bi Gundi, "na watu bado wanawachosha wagonjwa."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia hapo akawa Mwalimu, na hakuitwa jina jingine katika karakana ile.

Kazi ilikuwa na fundo moja. Bila namba, kurasa zingepangwaje? Bi Gundi aligeuza lundo, akaona kwamba chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo, yaani kila fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja, kulikuwa na herufi moja ndogo iliyosimama peke yake. Wachapaji wa zamani waliziweka ili mshonaji asipotee. Alimwomba Mwalimu ataje herufi zao kwa mpangilio. Mwalimu akaketi kwenye kiti cha chuma, akafumba macho yasiyoona, akaimba kama mtoto wa darasa la kwanza: alfa, beta, gama, delta. Bi Gundi akaziandika kwenye kipande cha boksi kadiri Mwalimu alivyomweleza maumbo yake. Hii kama samaki. Hii kama uma wa meno matatu. Hii, pi, kama mlango.

Katika mkunjo wa mlango alikuta kurasa mbili zimegandana. Alizipitisha kidole. Maji yakigandisha karatasi huacha mawimbi na madoa, lakini hapa hapakuwa na wimbi. Ilikuwa gundi ya unga wa ngano, imepakwa kwa brashi kutoka ukingo hadi ukingo, na mkono uliofanya kazi hiyo haukuwa na haraka.

"Mwalimu, kuna kurasa zimegundishwa hapa. Nizitenganishe?"

"Ziache," alisema Mwalimu, upesi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Ziko hivyo."

Fundi hamuulizi mteja sababu ya kiraka. Akaziacha.

Alipokipeleka kitabu kilichokamilika nyumbani kwa Mwalimu, chumba cha juu ya duka la rangi, ngazi zinanuka tapentaini, Mwalimu alikipokea akakinusa, akapitisha kiganja mgongoni mwake, kisha akakirudisha kwa Bi Gundi.

"Herufi umezijua zote?"

"Nimezishona, nitaachaje kuzijua."

"Basi nisomee mstari. Mmoja tu. Si lazima uelewe."

Bi Gundi alifungua popote, akaanza kuvuta herufi moja moja kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Aliposita, Mwalimu alimsukuma kwa sauti ndogo. Mstari ulipoisha, mzee alikuwa ameinamisha kichwa na mikono yake imeshikana magotini.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili sijamsikia."

Alisema *sijamsikia*. Si *sijakisikia*. Bi Gundi alishuka ngazi akiwa na neno hilo kichwani, na Jumamosi iliyofuata alirudi bila kuitwa.

Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, hakupendezwa. "Wewe mtoto, walio hai wenyewe hatujamaliza kuelewana nao, unakwenda kujifunza lugha ya maiti. Ukiwasalimia watakuitikia?"

"Nasoma tu, mama. Kuelewa anaelewa Mwalimu."

"Yaani umekuwa redio."

Na kweli mwaka wa kwanza alikuwa redio. Alisoma, Mwalimu akasikiliza, kisha akatafsiri kwa sauti ya taratibu, na Bi Gundi akaona jinsi sauti zile alizotoa bila maana zilivyogeuka kuwa mambo ya watu: mwenye nyumba anayempiga mtumishi kwa sababu ya chumvi, mgeni asiyejua kuaga, mtu anayesifiwa mpaka anachukiwa. Alishangaa kwamba kinywa chake kilikuwa kimebeba yote hayo, kama tarishi asiyejua kilichomo kwenye bahasha.

Kidogo kidogo Mwalimu akaanza kumfundisha. "Usiogope. Kitenzi chao ni ndugu wa chetu. Wapo watu wanaohitaji maneno matatu manne kusema kwamba sisi, zamani, tulikuwa tukisubiri. Wewe unasema 'tulisubiri', umemaliza: nani, lini, nini, wote wamepanda kwenye neno moja. Nao vilevile, ila abiria wao hupanda kwa mlango wa nyuma."

Siku nyingine akamfundisha jambo lililomkosesha usingizi.

"Sisi tuna umoja na wingi, sivyo? Mtu, watu. Hawa walikuwa na cha tatu. Kati ya mmoja na wengi waliweka wawili. Kulikuwa na umbo la neno la kuwataja watu wawili tu, si zaidi, si pungufu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Labda waliona wawili si wengi. Hata wazee wetu walikuwa na chembe ya kitu hicho, waliazima: walisema miteni kwa mia mbili, alfeni kwa elfu mbili. Lakini hawa walikuwa nacho hadi kwenye vitenzi. Kufikia zama za huyu bwana wetu watu mtaani walikuwa wamekwishakiacha. Yeye hukitumia mara chache, kama mtu anayetoa vikombe vya mgeni."

Siku yenyewe ilikuja katikati ya mwaka wa pili, mchana, jua likiwaka kwenye madebe ya rangi kule chini. Walikuwa kwenye makala ya wagonjwa. Bi Gundi alikuwa akisoma kama kawaida, jicho likitangulia mdomo kidogo, mara akacheka.

Mwalimu aliinua kichwa. Kisha akasema polepole, "Umecheka."

"Si huyu bwana. Anasema ukiingia kwa mgonjwa, acha fimbo yako mlangoni, na haraka yako pia."

"Fundi. Mimi sijakutafsiria bado."

Bi Gundi alitazama ukurasa. Herufi zilikuwa zilezile, nyeusi, zimepanga mstari. Hapakuwa na kitu kilichobadilika juu ya karatasi. Lakini mtu ambaye hata jina lake halikubaki, ambaye mifupa yake ilishakuwa vumbi kabla mji huu haujawa na nyumba ya kwanza, alikuwa amemwambia utani, yeye, Bi Gundi, kwenye kiti cha plastiki, naye ameuelewa. Hakuna mtu aliyesimama katikati. Nywele za mikononi zilimsimama.

"Endelea," alisema Mwalimu. "Endelea, kabla hajaondoka."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alimpita fundi viatu amebana misumari midomoni, akampita mama mwenye cherehani barazani, wanaume wawili wakibishana juu ya tairi, na kila mmoja alionekana kana kwamba amewashiwa taa kwa ndani. Alifikiria vitabu vyote alivyoshona miaka kumi na tisa bila kuvifungua, akaona aibu, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akipita kwenye ukumbi uliojaa watu bila kusalimia.

"Mama," alisema alipofika, "nimewasalimia, wameitikia."

Mama yake alimsogezea sahani. "Basi kula," alisema.

Mwaka wa tatu wakafika kwenye mkunjo wa mlango. Bi Gundi alisoma hadi mwisho wa ukurasa uliotangulia, vidole vikagusa unene ule wa kurasa mbili zilizokuwa moja.

"Ruka hapo," alisema Mwalimu.

"Sentensi imekatika katikati, Mwalimu."

"Nimesema ruka."

Akaruka. Wakasoma makala iliyofuata, kuhusu watu wanaopenda mno habari za majirani, lakini hakuna aliyecheka siku hiyo.

Sasa, bawaba ya jalada la mbele ilikuwa imelegea kwa kufunguliwa kila wiki, na Mwalimu mwenyewe alimpa kitabu akakikaze. Ilichukua nusu saa. Kisha Bi Gundi alikaa mbele ya meza yake akikitazama. Anajua alichokifanya, na hata leo hajisafishi. Alilowesha karatasi za kunyonya wino, akaziweka juu na chini ya kurasa zile mbili, akaweka ubao na jiwe dogo, akangoja unga ulainike. Aliingiza kijiti chake cha mfupa pembeni, akasogea kidogo kidogo, akishikilia pumzi. Kurasa ziliachana kwa sauti kama ya mtu anayefumbua midomo mikavu.

Zilimchukua siku kumi na moja, pamoja na kamusi kubwa aliyoazimwa na Mwalimu. Ilikuwa makala fupi juu ya watu wanaochelewa kuomba radhi. Mwandishi alisema kwamba anayengoja maneno mazuri ndipo akiri kosa lake ni kama mtu ambaye nyumba inaungua naye anatafuta ndoo safi. Alisema kosa lisilosemwa halilali. Linakaa mezani na kula pamoja na familia. Neno lake la msamaha lilikuwa *sungnome*. Bi Gundi alilitafuta, akalifungua kama anavyofungua mgongo wa kitabu kuona kilivyoshonwa. *Sun*, pamoja. *Gnome*, kujua, fikra, hukumu. Kwa watu hawa kusamehe kulikuwa kujua pamoja. Aliinuka akazunguka meza mara mbili kabla ya kuweza kuketi tena.

Halafu chini kabisa ya ukurasa wa pili yakatoka maneno ambayo hakuhitaji kamusi. *To adelfo*. Ndugu wawili. Si ndugu mmoja, si ndugu wengi. Vikombe vya mgeni vimetolewa kabatini. Mwandishi aliandika kwamba ndugu wawili wakikosana na kukaa mbali miaka mingi, mmoja huku na mwingine kule, bado tukitaka kusema tu kwamba *hawasemezani* inatubidi tulitumie neno linalowashika wote wawili kwa mkono mmoja. Lugha yenyewe, alisema, inakataa kuwaachanisha.

Bi Gundi aliketi mbele ya mstari ule mpaka mlinzi wa maktaba alipokuja kutikisa funguo.

Alijua kwamba lazima amwambie Mwalimu. Jumamosi ya kwanza hakusema, Mwalimu alikuwa na mafua. Ya pili hakusema, Mwalimu alikuwa na furaha. Ya tatu alijisikia akitunga hotuba nzuri ngazini, katikati ya harufu ya tapentaini, akasimama. Alikuwa akitafuta ndoo safi. Alipanda ngazi zilizobaki mbio.

"Mwalimu, nimezifungua kurasa ulizogundisha. Sikuomba ruhusa, na nimekuficha wiki tatu. Nisamehe."

Kule chini mtu alikuwa akigonga kifuniko cha debe.

"Umezisoma?"

"Nimezisoma."

"Nani alikutuma?" Mwalimu alisimama, mkono wake ukitafuta ukingo wa meza na kuukosa. Bi Gundi hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Nilikupa herufi! Nilikupa kila kitu nilichokuwa nacho, ukaona haitoshi, ukaingia na pale nilipofunga? Weka kitabu hapo. Nenda."

Aliweka kitabu mezani, akaenda. Machozi aliyamaliza barabarani ili mama yake asiyaone, ila mama ni mama. "Maiti wamekukera?" aliuliza. Kisha, kwa upole, "Au ni yule aliye hai?"

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi, binti yake Mwalimu, aliyekuwa akimpikia baba yake kila asubuhi, alisimama kwenye mlango wa karakana bila hata kuvua kanga ya jikoni. "Baba anakuita, dada. Chakula anakigusa tu. Tangu wiki iliyopita anashika kile kitabu wazi mahali pamoja."

Mwalimu alikuwa dirishani. Hakugeuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti." Alingoja mpaka aliposikia kiti. "Nilikuwa na miaka thelathini nilipofika kwenye kurasa hizo. Nilizisoma mara moja. Kesho yake nikachemsha unga."

Akaeleza. Walikuwa wawili, yeye na mdogo wake, wamepishana miaka miwili, wote katika shule moja ya bweni ya mapadre, ambapo wavulana wachache walichaguliwa kufundishwa Kiyunani. Mdogo ndiye aliyekuwa mwepesi. Vitenzi vilimwingia kama mafua yanavyomshika mtu. Muhula baada ya muhula alimshinda kaka yake, na padri akawa akisema mbele ya darasa kwamba nafasi ya kuendelea na masomo ni moja, na anajua ni ya nani.

"Nikaiba karatasi ya mtihani ofisini. Mimi. Nilichoka kushindwa. Ukaguzi ulipoanza bwenini niliishiwa nguvu, nikaisukuma chini ya godoro lililokuwa karibu. Lilikuwa lake. Walipoikuta walimuuliza, akanitazama, akanyamaza. Akafukuzwa siku hiyohiyo. Hiki Kiyunani ninachokufundisha, Fundi, ni chake. Mimi nimekikalia tu."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko hapahapa mjini. Anatengeneza kufuli, nyuma ya kituo cha mafuta. Tunaonana kwenye misiba. Ananiita kaka, namwita mdogo wangu, tunaulizana afya. Miaka sitini." Akageuka. "Soma. Nataka kuzisikia kwa sauti ya mtu."

Bi Gundi alisoma kurasa zote mbili. Hakutafsiri, hapakuwa na haja. Alipofika *to adelfo* Mwalimu aliinua mkono kumsimamisha, akakaa hivyo, mkono hewani, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali. Aliposhusha mkono alisema, "Nipatie viatu."

Kibanda cha kufuli kilikuwa na upana wa milango miwili, na ukuta mzima umefunikwa kwa funguo zisizo na wenyewe. Mzee aliyekuwa ndani alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, kufuli kubwa la geti limefunguliwa tumbo mbele yake. Aliona nani anakuja akaweka bisibisi chini.

"Kaka. Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Mbona umekuja?"

Mwalimu alisimama katikati ya njia, mkono mmoja umeshika bega la Bi Gundi. Alikuwa hana hotuba. "Karatasi ile niliiba mimi," alisema. "Niliiweka chini ya godoro lako. Nilipaswa kukuambia siku ileile."

Fundi kufuli alichukua kitambaa akafuta vidole, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa na wino wa ofisini kwenye pindo la mkono wa shati. Mapadre tu ndio waliokuwa na wino ule wa zambarau."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningekutaja tungefukuzwa wote, ingemsaidia nani? Mama alikuwa na watoto wawili shuleni; nikasema abaki japo mmoja." Alikunja kitambaa. "Hilo nililimaliza zamani, kaka. Nimepata kazi, nimepata watoto, nimekula na kushiba. Ambalo sikulimaliza ni kwamba hukuja. Mwaka wa kwanza nilikungoja. Wa pili nilikungoja. Kila nikisikia hatua mlangoni. Hebu fikiria, mtu wa kufuli, nyumbani kwangu nikawa sifungi."

Machozi yalimtoka Mwalimu kwenye macho yale ambayo hayakuweza tena kazi nyingine.

"Sitakuambia yamekwisha leo," alisema mdogo wake. "Nitakuwa nakudanganya, na wewe umekuja kuacha kudanganya. Lakini keti. Umri wako si wa kusimama juani."

Alimvutia stuli. Wakakaa, magoti yakikaribia kugusana kwa udogo wa kibanda. Bi Gundi akaona vyema aondoke, lakini fundi kufuli alikuwa akikitazama kitabu kilichokuwa kwapani mwake.

"Hicho ndicho?"

"Ndicho, baba."

"Kiyunani," alisema, kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa. Hakukigusa. Akachukua lile kufuli la geti, akalipachika ulimi wake, na mikono ikiendelea na kazi akaanza kunong'ona: "*Luo, lueis, luei*. Nafungua, wafungua, afungua. *Lueton, lueton*. Mnafungua nyinyi wawili, wanafungua wale wawili. *Luomen, luete, luousi*." Hakukosea hata sauti moja. "Lilikuwa neno la kwanza kufundishwa. Nimelisema kila siku ya kazi, kaka. Vijana wangu hudhani ni dawa."

Bi Gundi alisimama mbele ya ukuta ule wa funguo na mwili wote ukamsisimka. Miaka sitini, nyuma ya kituo cha mafuta, malori yakipita, lugha ile ilikuwa hai mdomoni mwa mtu ambaye hakuna aliyejua anayo. Hata wale wawili ilikuwa imewatunza, mahali pao, kati ya mmoja na wengi.

Jumamosi, fundi kufuli alipanda ngazi za duka la rangi akiwa amevaa shati la pasi. Aliketi mbali na kaka yake, karibu na mlango. Bi Gundi alimsomea zile kurasa mbili. Alisikiliza bila kupepesa. Zilipoisha aliomba zirudiwe, na baada ya kurudiwa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Huyu mtu," alisema mwishowe, "alikuwa na ndugu."

"Bila shaka," alisema Mwalimu.

"Na wewe binti, umesoma vizuri, ila mstari wa tatu umemeza pumzi. Kuna alama pale juu ya herufi. Inasomwa kwa *h*."

"Hapo hapana *h*," alisema Mwalimu.

"Ipo."

"Mdogo wangu, nimekisoma kitabu hiki tangu ujana."

"Na hapo ulipagundisha tangu ujana. Utajuaje?"

Kitu kikaanza kumtikisa Mwalimu mabega, na Bi Gundi akaogopa kwamba analia, mpaka aliposikia kwamba ni kicheko. Na kule mlangoni mdogo wake akainama mbele, naye akishindwa kujizuia.

Hawakuwa ndugu wa kwenye picha baada ya hapo. Kuna Jumamosi fundi kufuli hakutokea, na alipotokea hakueleza. Kuna siku alikumbuka jambo la zamani katikati ya sentensi, uso ukamfunga, na Mwalimu akaomba radhi upya, kwa maneno mabovu, papo hapo. Lakini kiti chake kilisogea. Kufikia mwisho wa mvua kilikuwa kando ya meza, na walikuwa wanagombana kila wiki: juu ya nukta, juu ya vineno vidogo visivyotafsirika, juu ya kama yule bwana alikuwa mzee alipoandika au kijana anayejifanya mzee.

Siku moja waligombana juu ya kineno kimoja cha herufi mbili mpaka chai ikapoa. Bi Gundi aliweka kidole kwenye mstari asipoteze mahali, akawaacha. Jicho lake lilikuwa limetangulia. Sentensi iliyofuata ilikuwa imekwisha kufunguka yenyewe, nzima, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba alilazimika kutazama dirishani kwanza. Akawaonea huruma wazee wale wawili kwamba hawajaifikia.